Nitumie Wimbo Mmoja, Uniambie Kwa Nini

Toleo lililopita niligusia, kwa mistari miwili tu, kwamba kila Ijumaa mimi na marafiki zangu wanne tunatumiana nyimbo kwa simu, kila mtu wimbo mmoja. Sikutegemea mistari ile ingeleta barua nyingi namna hii. Nimechagua tano. Waliouliza wapi watapata nyimbo za bendi fulani fulani wanivumilie hadi mwezi ujao.

Kundi limejaa linki, hakuna anayesikiliza

*Mjomba, shikamoo. Tuko kumi na mmoja, tulimaliza sekondari pamoja mwaka 1998. Tulifungua kundi la WhatsApp ili tupeane nyimbo. Sasa kila mtu anamwaga linki, nikiamka nakuta ishirini. Nikiweka wimbo ninaoupenda kwa moyo, unazama kabla hata mmoja hajaufungua. Juzi niliandika, "Jamani, huu sikilizeni." Mwenzangu mmoja akajibu kwa kidole gumba. Wimbo una dakika nane, kidole kilikuja baada ya nusu dakika. Nimevunjika moyo. Nifanyeje? — Mama wa Mapacha, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Kidole hicho kimeniuma hata mimi.

Ngoja kwanza nikupeleke Tanga. Mwaka 1984 nilikuwa kijana wa kurekodi kanda kwenye kibanda kimoja Ngamiani, kule ambako barabara huitwa kwa namba. Mteja alikuja na kanda tupu ya dakika 60 na kikaratasi cha nyimbo anazozitaka. Dakika 60 maana yake ni 30 kila upande. Nyimbo za dansi si fupi, kwa hiyo upande mmoja ulibeba tano, ukibana sana sita. Na mtu kichwani ana nyimbo ishirini! Basi anasimama pale kaunta anakata mmoja, anaurudisha, anakata mwingine, anakuna kichwa. Kanda ikitoka hapo, kila wimbo uliomo ndani umepiganiwa.

Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa akimtengenezea kanda mwanawe aliyekwenda kufanya kazi Mombasa. Alikaa kwenye benchi langu saa nzima. Kila wimbo aliniuliza una dakika ngapi, na mimi kwa haraka za ujana nilimjibu kwa kukisia. Kanda ikaisha wimbo wa mwisho haujaisha. Ilikatika pale pale sehemu ya taratibu ilipomalizika na magitaa yakaingia kwenye chemko. Baada ya wiki tatu mama alirudi na barua ya mwanawe mkononi. Kijana alikuwa ameandika: mama, wimbo wa mwisho umekatika, naumalizia mwenyewe kwa mdomo. Mama hakunigombeza. Aliniomba nimrekodie ule mmoja tu kwenye kanda nyingine, akalipa bei ya kanda nzima. Tangu siku hiyo daftari langu lilikuwa na dakika za kila wimbo, zimeandikwa kwa penseli pembeni.

Kuna jambo nililiona siku ile ya kwanza, na ndilo jibu langu kwako. Kabla ya kufunga kasha, yule mama alikunja karatasi akaiweka ndani. Ilieleza nyimbo zile moja moja. Wimbo wa tatu aliandika kwamba ndio marehemu baba yake alikuwa akiuimba akinyoa ndevu. Sasa niambie, mtoto gani atapewa wimbo wa namna hiyo asiusikilize mpaka mwisho?

Kwenye kundi lenu waambie wenzako mfanye hivi kwa mwezi mmoja. Jumanne mtu mmoja, Ijumaa mtu mmoja, basi. Siku nyingine hakuna linki. Mwenye zamu aseme nani anaimba, alikutana na wimbo huo wapi, na dakika ya ngapi watu wategeshe masikio. Anayejibu ataje kitu alichokisikia mle ndani. Kama hajasikiliza, anyamaze mpaka asikilize, hata ikichukua siku mbili. Hakuna atakayekasirika.

Nikupe mfano. Tuseme zamu ni yangu na nimechagua "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Ninyi nyote mnaufahamu, mmeucheza harusini, na hapo ndipo penye shida: mtu akiona jina tu anasema huu naujua, anapita. Kwa hiyo nitaandika hivi: "Weka spika za masikioni. Mara ya kwanza waache waimbaji, mfuate Tom Malanga kwenye besi mwanzo hadi mwisho. Mara ya pili mfuate Omar Shabani kwenye gitaa. Mara ya tatu ndiyo msikilize maneno." Nimewafanyia watu watatu jaribio hilo. Mmoja wao, mwanamke aliyeusikia wimbo huo tangu utotoni, alinipigia simu usiku akasema hakujua kuwa mle ndani mna besi inayoongea vile.

Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa Tanga na siwezi kujizuia, ningeongeza kwamba mzizi wa muziki huo uko kwetu. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipigia Jamhuri Jazz ya Tanga kabla ya kwenda Arusha, na mwaka 1971 wakavuka kwenda Nairobi, wakaunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji walijitoa, na katika kujitoa huko ikazaliwa Les Wanyika. Nimetumiwa "Sina Makosa" mara nyingi ukiwa umeandikwa Simba Wanyika. Ukiupokea hivyo, tafadhali urekebishe jina kabla ya kumpa mwingine. Watu wale walifanya kazi, majina yao yawafuate.

Wifi amenijibu kwa taarabu kali zaidi

*Mjomba, mimi ni mke wa mtu, nakaa Likoni. Wifi yangu yuko ng'ambo ya pili, kisiwani. Aliugua, nikataka kumchangamsha, nikamtumia taarabu ya zamani aliyokuwa akiipenda mamangu. Sikuandika neno. Kumbe ndani mna ubeti wa mtu aliyefadhiliwa akasahau fadhila! Naye akanirudishia taarabu nyingine, kali mara mbili, kisha akaiweka stetasi. Sasa ukoo mzima unanong'ona na mume wangu haniangalii usoni. Wallahi sikuwa na nia mbaya. — Mke wa Mtu, Likoni*

Nakuamini, mwanangu. Tena nimeisoma barua yako mara mbili kwa masikitiko, maana ulitaka kutenda wema.

Lakini fikiri alivyoipokea. Kwetu pwani taarabu ni maneno yanayopelekwa kwa mtu. Umekwenda harusini, umeona mwenyewe. Mwanamke anainuka kitini na noti mkononi. Hana haraka. Anacheza taratibu kuelekea jukwaani lakini macho yake yako kwa aliyekaa nyuma ya nguzo. Anafika kwa mwimbaji ubeti anaoutaka unapoanza, anatunza, anageuka, anarudi kukaa. Hajafungua mdomo, na yule wa nyuma ya nguzo ameshasikia yote. Miaka ya 1990 huku kwetu Dar es Salaam, vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano vilipokuwa vikishindana, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili, watu walijaa ukumbini kusikia nani kamjibu nani. Wifi yako amelelewa katika lugha hiyo. Akapokea wimbo usio na neno, yu mgonjwa, ana muda wa kulala na kuwaza, akaupekua ubeti kwa ubeti mpaka akakuta unaomgusa. Akakujibu kwa kanuni ile ile ya zamani, wimbo kwa wimbo.

Kwa hiyo usitume wimbo wa tatu, hata uwe wa kuomba radhi. Usiufute ule wa kwanza pia, maana pale patabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na yeye atayasoma kuwa ni kukiri. Panda feri uende. Mpelekee uji, kaa naye chini, muulize hali kwanza. Kisha mweleze kuhusu mamako: alikuwa akiuimba wimbo huo akifanya nini, na ubeti gani aliourudia rudia. Mwimbie ubeti huo wewe mwenyewe, kwa sauti yako, hata kama si nzuri. Mwambie kweli kwamba ule ubeti mwingine hukuukumbuka. Mume wako umwambie kabla hujaondoka, ili asisikie kwa dada yake kwanza.

Na baada ya hapo, taarabu usiitume mpaka umeisikiliza yote. Ukiituma, tanguliza ujumbe wa sauti: wifi yangu, sikiliza ubeti wa pili, nimekukumbuka wewe. Sauti yako ikitangulia, hakuna mtu atakayepata nafasi ya kukisia.

Programu inanijua, marafiki wa nini?

*Mjomba, habari. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Kaka yangu ananitumia nyimbo za bendi za zamani na kila mara ananiuliza kama nimesikiliza. Lakini programu ya muziki kwenye simu yangu inanipa nyimbo yenyewe, na mara nyingi inapatia. Je, si mambo yamepitwa na wakati kutegemea watu? — Msomaji, Dodoma*

Programu hizo nazitumia. Spotify ilipofunguliwa kwetu na Kenya Februari 2021 nilijiunga, na Boomplay ninayo pia. Zimenionyesha wasanii wengi vijana ambao nisingewafahamu, na nashukuru.

Ila chukua mfano wa sauti moja. Nilisikiliza Mlimani Park kwa wiki nzima kwa ajili ya sauti ya Muhidin Gurumo. Programu ikanipa Mlimani Park zaidi na zaidi. Rafiki yangu, dereva mstaafu wa malori, ndiye aliyeniambia nisiifuate bendi, nimfuate mtu. Gurumo aliimbia NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park. Mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound. Baadaye akarudi kwenye ile bendi ya NUTA, na huko alikaa miaka mingi. Alifariki Aprili 2014. Na bendi hiyo ina majina manne! Ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, chama kikibadili jina nayo inabadili: NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Kwenye simu yako hayo yanaonekana kama makundi manne ya watu wasiojuana. Rafiki yangu alinipangia nyimbo sita kwa mfuatano wa miaka, nikamsikia mtu mmoja akikua, sauti ikinenepa, ikitulia. Nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu, nikaacha kisu.

Kaka yako hakuulizi kama mtahini. Anataka mtu wa kuzungumza naye. Sikiliza mmoja wa hizo anazotuma, kisha umtumie wako, hata kama ni wa wiki hii na una dakika mbili na nusu. Umwambie unaupendea nini. Nina hakika atausikiliza, na kama ataubeza, mwandikie mjomba.

Je, kutumiana faili ni wizi? Na bando je?

*Mjomba, shikamoo. Katika kundi letu tunatumiana faili za nyimbo. Mwenzetu mmoja anasema tunawaibia wanamuziki. Wengine tunasema linki zinamaliza bando. Nani ana haki? — Fundi Baiskeli, Kigoma*

Marahaba, fundi. Swali lako lina deni langu ndani yake, nami nitalisema.

Kanda zile nilizorekodi Ngamiani hazikumpa mwanamuziki hata senti. Mteja alinilipa mimi, mimi nikamlipa mwenye kibanda, ikaishia hapo. Wakati ule bendi nyingi zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na sahani za santuri nyingi zilitengenezewa Nairobi, kwa hiyo wimbo unaweza kuwa unaimbwa nchi nzima na mtu wa kawaida Tanga hana pa kuununua. Ndivyo tulivyojieleza. Lakini mwaka fulani alikuja pale kibandani mpiga gitaa mmoja, mtu mzima, shati limepigwa pasi vizuri. Alisimama akaangalia rafu. Akaona kanda yenye jina la bendi yake. Aliishika, akaigeuza, akairudisha mahali pake, akaniaga kwa heshima. Sijamsahau.

Kwa hiyo mwenzenu ana haki. Sheria ya hakimiliki tunayo, ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Wimbo ukiwa unapatikana kwa njia halali, tuma linki ya mwenyewe, kila anayefungua anaongeza chochote kwake hata kama ni kidogo. Kama kuna onyesho mjini kwenu, kwendeni mkalipe kiingilio, hiyo ndiyo pesa wanayoiona kwa macho.

Kuhusu bando, tupige hesabu. Sauti peke yake, kwa ubora wa kbps 128, inakula karibu MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano ni kama MB 5. Kinachowamaliza ni video: mnafungua wimbo YouTube, picha zinacheza, simu iko mfukoni hakuna anayezitazama. Tumieni programu ya sauti, punguzeni ubora kwenye mipangilio, na ukilipia huduma pakua nyimbo unapokuwa penye Wi-Fi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime upakuaji wa otomatiki, maana humo ndimo zinamoingia video za watu usizoziomba.

Wimbo wa zamani usiopatikana popote, ambao mmoja wenu anao kwenye kanda ya baba yake, ni jambo jingine. Huo mimi siwezi kukwambia uuache uoze na ukungu. Uhamishe kwenye simu, andika jina la bendi, mwimbaji na mwaka kama unaujua. Wakitokea wenyewe au watoto wao, wapeni.

Wewe mwenyewe wiki hii umetumiwa nini?

*Mjomba, salaam. Unatushauri sisi, lakini hukutuambia unachosikiliza. — Mpenzi wa Udi, Maskati*

Wa alaikumu salaam. Swali lako limenikuta na jambo jipya, na limetoka huko huko kwenu.

Mmoja wa wale wanne wangu anakaa Maskati, familia yake ilitoka Unguja. Ijumaa iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti, si linki. Alikuwa ameweka simu karibu na santuri ya marehemu babu yake. Mwanzo nilisikia mkwaruzo tu, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo. Kisha udi, fidla, na sauti ya Siti binti Saad.

Unajua habari zake: mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu mjini, akaja kuimba kwa Kiswahili mbele ya wakubwa waliozoea Kiarabu, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Shaaban Robert, mtu wetu wa Tanga, aliandika wasifu wake. Mimi nilikuwa nimeusoma wasifu huo zamani, na Siti nilikuwa nimemsikia kwa vipande redioni. Sikuwahi kumsikia hivi, pamoja na chumba alichomo.

Baada ya dakika tatu hivi sauti ilikatika. Nikajua kwa nini, sahani za wakati ule upande mmoja haukubeba zaidi ya hapo, na shairi refu liligawanywa mara mbili. Nikasikia kiti kikisogezwa. Nikasikia rafiki yangu akikohoa, akigeuza sahani, sindano ikishuka tena. Hakuzima simu. Siti akaendelea na ubeti uliofuata.

Nilimkumbuka yule kijana wa Mombasa aliyemalizia wimbo kwa mdomo.

Nimemjibu rafiki yangu kwa ujumbe wa dakika sita, nikamweleza nilichosikia mkwaruzo kwa mkwaruzo. Sasa zamu ni yangu. Nimeazima redio kaseti ya jirani kwa sababu yangu imekufa mota, na kuna kanda ya Black Star, kikundi cha taarabu cha Tanga, niliyoirekodi mwenyewe mwaka 1986. Nimeigeuza kwa penseli taratibu ili utepe usikatike. Ijumaa baada ya swala nitaweka simu karibu na spika, na upande wa A ukiisha nitaigeuza bila kuzima.